Diski ya Pili Haionekani

Yaeda Chini,
2 Machi 2025

Kwa shangazi Bernadina,

Shikamoo shangazi. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti limepunguza maumivu na kuku wamepona kideri. Huku sisi ni wazima. Mvua bado, ng'ombe wa majirani wamekonda, ila mbuzi wetu yule mweupe amezaa mapacha. Judica na mtoto wetu Paskalina hawajambo kabisa, wanakusalimia sana. Paskalina anakua.

Shangazi, nakuandikia kwa sababu ya kompyuta. Ni ile uliyotufungia ulipostaafu, yenye diski mbili: moja ina Windows kwa ajili yangu na kazi za shule, nyingine ina Linux kwa ajili ya Judica na masomo yake ya chuo. Unakumbuka ulivyoipanga. Ukiiwasha inaleta orodha, unachagua uingie upande gani. Sasa tangu wiki iliyopita haileti orodha wala haileti Windows. Inaleta skrini nyeusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema haijaona kitu cha kuanzia. Nimeizima na kuiwasha. Nimeifuta vumbi. Nimeihamishia upande mwingine wa chumba.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Gervasi, anataka matokeo ya jaribio la darasa la saba, na yote yamo humo. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwalimu Yoakimu, mashine imeamka?" Namjibu bado.

Mtandao wa huku unaujua, mpaka mtu apande kilimani na kusimama kwa mguu mmoja. Kwa hiyo barua hii nampa Gidamis, dereva wa gari la mnada, aifikishe mpaka mlangoni kwako. Naomba msaada. Fundi mwingine sina.

Mwanao,
Yoakimu


Haydom,
9 Machi 2025

Mwanangu Yoakimu,

Marahaba. Milele amina. Barua nimeipata, Gidamis kaileta ikinuka mbuzi. Goti liko vilevile. Kuku wawili walikufa, waliobaki wanataga. Nina wageni kidogo, kwa hiyo unga unaisha haraka, lakini nyumba imechangamka.

Nimesoma kwamba Judica na Paskalina hawajambo. Nami ndivyo ninavyoamini.

Umefanya vizuri kuandika. Ukinipigia kutoka kilimani utasema "haifanyi kazi", nitakuuliza "haifanyi kazi kivipi", upepo utavuma, salio litaisha. Miaka yote niliyotunza kompyuta za hospitali nimeona kwamba mtu akiliandika tatizo lake kwa kalamu huanza kuliona mwenyewe. Kwa hiyo tutakwenda taratibu.

Usifungue boksi bado. Nina maswali matatu. La kwanza: iwashe, bonyeza F2 haraka kabla haijaandika chochote, utaingia ukurasa wa mipangilio. Pale zinaonyeshwa diski ambazo mashine inaziona. Ni ngapi? La pili: kabla ya shida hii kuanza, kuna mtu aliyepiga Windows upya kwenye mashine hiyo, yaani kuifuta na kuiweka tena? La tatu: ile orodha ya kuchagua ilipotea siku hiyohiyo skrini ilipokuwa nyeusi, au ilikuwa imepotea zamani?

Jibu yote. Usijibu unayoyapenda tu.

Ni mimi shangazi yako,
Bernadina


Yaeda Chini,
23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kuku, na pole kwa wageni. Huku mvua imeanza kwa nguvu, mbuga imegeuka ziwa na watoto wanakuja shule wamebeba viatu mkononi. Pacha mmoja wa mbuzi amechukuliwa na fisi. Aliyebaki ni jike. Judica ana shughuli nyingi siku hizi, ndiyo maana hajaandika mwenyewe, lakini anakusalimia.

Nimefanya ulivyoniagiza. Ukurasa wa mipangilio nimeuona. Diski inaonekana moja, ile yangu. Ya pili haionekani. Nilijaribu kubadilisha mpangilio, nikaamuru diski ya kwanza iwe ya pili. Kwa kuwa ipo moja, ilirudi kuwa ya kwanza. Nimechomoa pia ile betri ndogo ya saa na kuirudisha. Sasa mashine inaamini tuko mwaka 2009, lakini kuwaka haiwaki.

Kuhusu orodha, sikumbuki vizuri. Nadhani ilikuwa inakuja na kutokuja.

Mwalimu Gervasi ameniambia niandike matokeo kwa mkono. Nimeanza upya kusahihisha karatasi zote, na watoto waliokuwa wamefeli wanakuja kuniuliza kama safari hii wamefaulu. Naomba maelekezo mengine.

Wako mtiifu,
Yoakimu


Haydom,
27 Machi 2025

Yoakimu,

Marahaba. Alizeti imeota vizuri, namshukuru Mungu. Wageni bado wapo.

Nilikuambia usifungue boksi. Betri ya saa iko ndani ya boksi. Yameshapita.

Hujajibu swali la pili.

Swali la tatu umelijibu kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Orodha haiwezi kuja na kutokuja.

Lakini umeona jambo muhimu: diski ya pili haionekani. Diski isipoonekana, ama waya umelegea, ama diski imekufa, ama haipo. Sasa nakuruhusu ufungue boksi, na chomoa umeme kwanza. Tafuta waya mwembamba mwekundu unaotoka kwenye ubao mkubwa, ufuate kwa kidole mpaka mwisho wake, kisha uniandikie umekuta nini.

Nyumba yenu ina giza na huwezi kushika bisibisi na tochi kwa wakati mmoja. Kwa kuwa Judica yupo, mwombe akushikie tochi. Boksi hilo analijua. Nilipokuwa nalifunga alisimama nyuma yangu akiuliza kila waya unakwenda wapi. Wewe ulikuwa nje na Gidamis mkitazama ng'ombe.

Shangazi


Yaeda Chini,
19 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Nisamehe kwa kuchelewa. Gari la Gidamis lilizama kwenye matope na likakaa huko mpaka maji yalipopungua. Barua yako nimeipata imelowana, nikaianika kwenye kamba ya nguo. Swali la pili lilikuwa limefutika kidogo.

Nimefungua boksi. Tochi niliishika kwa meno, kwa sababu Judica alikuwa na kazi. Nimeufuata waya mwekundu kwa kidole kama ulivyosema. Waya ni mzima na umechomekwa vizuri kwenye ubao. Mwisho wa waya hakuna kitu.

Namaanisha, shangazi, hakuna diski. Pale ilipokuwa imekaa ni wazi, na mtu ukiingiza mkono unapita. Nimetafuta chini ya meza. Nimetafuta na kwenye banda la mbuzi, ingawa sijui ingefikaje huko.

Nadhani ni wizi. Huku siku hizi wapita njia ni wengi. Skrubu nne zote zilikuwa zimerudishwa mahali pake na kukazwa.

Sasa swali langu ni hili: hata kama diski ya pili imeibiwa, kwa nini na Windows yangu isiwake? Diski yangu ipo, haijaguswa. Kila mfumo ulikuwa na diski yake, wewe mwenyewe ulituambia kila mmoja wetu atakuwa anajitegemea.

Judica na Paskalina wanakutakia Pasaka njema.

Yoakimu


Haydom,
24 Aprili 2025

Yoakimu,

Marahaba. Pasaka tumekula kuku, mmoja wa wale waliopona.

Nimemfikiria huyo mwizi wako. Amefika na bisibisi yake. Ameacha betri ya sola, ameacha redio, ameacha mbuzi. Amefungua boksi, amechomoa diski moja kati ya mbili bila kuvunja waya, kisha amerudisha skrubu nne na kuzikaza. Mwizi wa namna hiyo ningemwajiri.

Judica anasemaje kuhusu wizi huo? Vitu vilivyoibiwa ni vyake, masomo yake yote yalikuwa humo. Umeandika ukurasa mzima na hujaandika kama amelia, amekasirika, au ameshangaa. Umeandika kwamba ananitakia Pasaka njema.

Kuhusu kwa nini Windows haiwaki ingawa diski yako ipo, nina jibu. Sitaliandika mpaka unijibu swali la pili. Nalirudia kwa herufi kubwa, na safari hii barua nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni: NANI ALIPIGA WINDOWS UPYA?

Shangazi yako


Yaeda Chini,
11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitaandika habari za mbuzi.

Ni mimi. Mwezi wa kwanza Windows ilikuwa nzito, imejaa virusi vya flashi za walimu wenzangu, nikapiga upya. Ulituambia mtu akitaka kupiga Windows achomoe kwanza diski ya mwenzake. Sikuchomoa. Niliona ni usumbufu kufungua boksi. Baada ya hapo orodha haikuja tena, mashine ikawa inaingia Windows moja kwa moja, na Judica akawa hana njia ya kufika upande wake. Akaniambia. Nikamjibu kesho. Kesho yake akaniambia tena, nikamjibu Jumamosi. Sijui ni mara ngapi. Baadaye akaacha kuniambia, nikadhani amepata namna.

Judica hayupo, shangazi. Mwishoni mwa mwezi wa pili aliniambia asubuhi nikiwa natoka kwenda darasani, "Nakwenda nyumbani." Nikasema sawa, nikidhani anakwenda kuwasalimia wazazi wake Gendabi. Niliporudi jioni yeye na Paskalina walikuwa wameshaondoka. Nikawasha kompyuta, skrini ikawa nyeusi. Nilidhani ni mambo mawili tofauti.

Nilipofungua boksi na kukuta nafasi wazi ndipo nilipoelewa kwamba hakwenda kusalimia. Bado nikakuandikia habari za mwizi. Sikujua niandike nini kingine.

Sikukuu ya wafanyakazi nikafunga safari kwenda Gendabi. Gari lilisimama hapo stendi Haydom na sikushuka kuja kukusalimia, naomba radhi. Nilifika kwa wakwe saa nane. Nikakaribishwa, nikapewa chai na viazi. Nikakaa nikisubiri nione Judica atatokea mlango gani. Baba mkwe akaniuliza, "Judica umemwacha hajambo?"

Nikasema, "Hajambo, baba."

"Na mjukuu wangu?"

"Hajambo."

"Mbona hukuja nao?"

Nikasema barabara ni mbaya. Mama mkwe akasema kweli, mtoto mdogo na matope haviendi pamoja. Akanifungia mahindi mabichi nimpelekee binti yake, akaniambia Judica anapenda ya kuchoma, nisimchemshie. Nimerudi nayo mapajani mpaka Yaeda. Yapo hapa mezani karibu na kompyuta. Yamekauka, sijaweza kuyala wala kuyatupa.

Kumbe wao walidhani yuko kwangu, na mimi nilidhani yuko kwao. Sasa hayuko Gendabi na hayuko Yaeda. Simu yake nimeipiga kutoka kilimani, haipatikani. Sijamwambia mtu yeyote. Naogopa, shangazi. Diski sitaki tena. Niambie tu nianzie wapi kuwatafuta.

Yoakimu


Haydom,
13 Mei 2025

Yoakimu,

Wapo kwangu, wote wawili ni wazima. Nimeuweka mstari huu juu kabisa ili usisome barua nzima ukiwa na hofu.

Sasa, marahaba.

Hao wageni wangu ndio wao. Walikuja moja kwa moja kutoka Yaeda, kwenye gari la Gidamis, Paskalina amelala juu ya magunia na Judica ameshika diski mapajani, imefungwa kwenye kitenge. Gidamis amekuwa akikuletea barua zangu na kuwaona mkeo na mwanao kila alipofika hapa. Nilipomwomba asiseme alinijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Judica alinitaka nisikuambie mpaka wewe mwenyewe useme kwamba hayupo. Nilidhani utasema kwenye barua ya kwanza. Ulipoandika kwamba hawajambo na wananisalimia, Paskalina alikuwa amekaa miguuni pangu akila ugali. Nilimsomea mama yake barua hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Muulize maswali."

Siku gari lako liliposimama stendi, Judica alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua nyanya. Alikiona kichwa chako dirishani. Alikuja nyumbani akaniambia, "Anakwenda Gendabi." Nilishika simu nikupigie, naye akasema nikuache ufike. Nikaiweka chini. Hapo nilikosea, sikupaswa kukuacha ukae mbele ya wakwe zako na jambo lile. Namba yake ameibadilisha, nitamwambia aamue mwenyewe kama akupe. Wazazi wake ameshawapigia tangu jana. Baba yake amecheka kwanza, kisha hakucheka.

Sasa jibu lako. Ulipopiga Windows na diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, Windows ilikaa kwenye diski yako, lakini vile vitu vyake vya kuanzia, vinavyoiamsha, ikaviweka kwenye diski ya Judica. Nimeviona kwa macho yangu, diski iko hapa mezani kwangu. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza kila ulipowasha mashine yako ulikuwa unaanzia kwenye diski ya mkeo, ambayo yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuingia. Alipoichukua, ukabaki huna pa kuanzia. Hakuna kilichoharibika. Ni hivyo tu ulivyoifunga.

Kurudisha njia ya Judica kulinichukua muda wa chai kupoa. Alikuwa amekaa pembeni ananitazama. Nilipomaliza akaniuliza, "Ni hiyo tu?" Nikasema ni hiyo tu. Akatoka nje akakaa kwa kuku muda mrefu.

Kazi mbili za chuo zilimpita alipokuwa anasubiri hiyo kesho yako. Wangemwondoa kwenye mtihani kama ingempita ya tatu. Ameifanya hapa, imekubaliwa. Sasa anasoma.

Nimekuwekea flashi ya kuiwashia mashine. Kwenye karatasi ya pili kuna maelekezo: tenga sehemu ndogo kwenye diski yako mwenyewe, kisha andika ile amri kama nilivyoiandika, bila kuongeza nukta. Mashine itaanza yenyewe bila msaada wa diski ya mtu. Usije Haydom kabla hujaniandikia. Ana vitabu mezani.

Bernadina


Yaeda Chini,
25 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Asante kwa mstari wa kwanza.

Nilimuuliza Gidamis. Alisema, "Sasa umeuliza," akanieleza kwamba Paskalina ameota jino.

Kompyuta imewaka. Nilikosea amri mara ya kwanza kwa kuongeza nukta. Mara ya pili ikakubali, Windows ikafunguka, saa nikairekebisha kutoka 2009. Matokeo ya darasa la saba yapo yote. Nimeyalinganisha na yale niliyosahihisha upya kwa mkono, hayafanani sana. Mwalimu Gervasi amesema tuchukue ya kompyuta, kwa sababu yamepigwa chapa.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimeanza kujipikia, majirani wananionea huruma na kuniletea maziwa.

Mtihani wake ni lini, shangazi? Siulizi kama atarudi. Nauliza mtihani tu. Nimegundua kwamba sijui hata anasomea nini hasa. Najua ni stashahada.

Yoakimu


Haydom,
29 Mei 2025

Yoakimu,

Marahaba. Anasomea utunzaji wa kumbukumbu. Mtihani ni Alhamisi ijayo, Mbulu mjini, asubuhi mpaka saa nane. Atakwenda peke yake kwa basi na kurudi jioni, mtoto atabaki na mimi.

Nimekujibu ulichouliza. Sijakuambia uende, wala sijakukataza.

Shangazi


Yaeda Chini,
8 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za Mbulu sehemu kubwa utakuwa umeshazisikia kwa Judica, lakini naona na mimi niandike upande wangu.

Alhamisi niliomba ruhusa kwa Mwalimu Gervasi. Akauliza ni ugonjwa au msiba. Nikasema ni mtihani wa mke wangu. Akafikiri, akasema hilo halimo kwenye sababu za ruhusa, lakini niende. Gidamis alikuwa anapeleka mbuzi Mbulu, nikapanda naye, tukakubaliana turudi pamoja saa kumi.

Nilisimama nje ya kituo cha mtihani tangu saa tano. Walipotoka, Judica aliniona na hakushtuka. Alikuja akasimama mbele yangu, kalamu bado iko mkononi.

Akaniuliza, "Umefuata diski?"

Nikasema, "Hapana. Kompyuta inawaka."

"Sasa umefuata nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Yaeda, yote yakapotea. Nikamuuliza, "Mtihani ulikuwaje?"

Akanitazama. Akasema, "Swali la kwanza lilikuwa rahisi." Tukatembea kuelekea stendi. Nikanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa kwenye benchi la mama anayeuza chai, akala.

Akasema, "Yoakimu, ulikuwa unajua kuirekebisha ile kompyuta?"

Nikasema, "Nilikuwa najua pa kuanzia. Ningefungua boksi ningeweza."

"Na hukufungua."

"Sikufungua."

"Uliona nikifaulu nitaondoka Yaeda."

Nikasema ndiyo. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu, shangazi, hata mimi mwenyewe nilikuwa silisemi. Huku Yaeda kumbukumbu za kutunza ni rejesta ya mahudhurio, na naiandika mimi. Nilijua akipata cheti watamwita Mbulu au Babati, au hapo Haydom.

Judica akafuta mikono kwenye kitenge. Akasema, "Umeona sasa. Nimeondoka kabla hata ya kufaulu."

Nilimwomba radhi, lakini kondakta alikuwa anapiga kelele za Haydom na sidhani kama alisikia vizuri, ikabidi niseme tena kwa sauti. Watu wa benchi jirani walisikia. Mama wa chai akasema, "Amekusikia, baba." Judica hakusema amenisamehe. Alisema swali la nne ndilo lililomsumbua.

Nikamuuliza lilikuwa linahusu nini. Akaanza kunieleza, namna ya kupanga majalada ya wagonjwa ili mtu asipotee hata jina lake likikosewa herufi. Basi likaita abiria mara ya mwisho, akapanda akiwa bado anaeleza, na mimi nikapanda. Nilikuwa napaswa kurudi Yaeda na Gidamis. Alituona tukipita na basi, akanyoosha mikono kuuliza. Nikampungia.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Anajua mambo mengi, shangazi. Ninaishi naye mwaka wa sita. Swali la tano lilitufikisha mbali, la sita akasema alilijibu kwa kubahatisha, tukacheka wote wawili, halafu akakumbuka kwamba hatuongei vizuri akaacha kucheka. Alipoanza swali la saba tulikuwa tunaingia Dongobesh. Akaniambia, "Shuka hapa. Kesho mnafunga shule na hujaandika ripoti za watoto." Nikashuka. Basi likaondoka. Nimepata pikipiki, kisha trekta, kisha miguu, na ripoti nimeziandika.

Shule imefungwa Ijumaa. Wenzangu wameshaondoka, tumebaki mimi na mbuzi. Namba yake mpya hakunipa na sikuomba. Sijui nifanye nini sasa, kwa sababu hakusema nije na hakusema nisije. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Naomba unieleze unavyoona, nami nitasubiri jibu lako kwa utulivu hata kama litachelewa.

Yoakimu


Haydom,
10 Juni 2025

Yoakimu,

Shule imefungwa, barabara imekauka, Gidamis yuko hapa mlangoni anasubiri karatasi hii aondoke nayo. Unaniandikia barua za nini?

Tangu Alhamisi Judica ananieleza hilo swali la saba, nami nimezeeka, nasinzia. Mwachie jirani mbuzi. Panda gari uje ulisikilize mwenyewe.

Shangazi